Kabla ya kumlipa mpiga picha, muulize kadi zake

Watu wanaokuja kunipa kazi ya harusi hapa Tanga huwa na maswali mengi. Albamu itakuwa na kurasa ngapi, picha zitatoka lini, droni ipo au haipo, nitakuja na msaidizi au peke yangu. Swali ambalo silisikii ni hili: picha zangu zitakaa wapi tangu unapobonyeza kamera hadi siku nitakapozitia machoni? Zinakaa ndani ya kipande cha plastiki chenye urefu wa milimita 32, upana wa milimita 24 na uzito wa gramu mbili hivi. Nikaha, bibi aliyeletwa kutoka Pangani akiwa hajiwezi, machozi ya baba akimtoa binti yake, vyote vinalala humo usiku ule, na mara nyingi havina pengine pa kulala.

Ndiyo maana nashikilia kwamba memori kadi ni amana. Lenzi ni yangu, stendi ni yangu, taa ni zangu, lakini kadi iliyojaa ni mali ya mwenye harusi iliyo mikononi mwangu. Naumia nikiona jinsi inavyonunuliwa na watu wa kazi yangu.

Nenda Kariakoo, au usiende mbali, pita maduka ya vifaa vya simu hapa Ngamiani. Kadi zimening'inizwa pamoja na chaja na kava. Mnunuzi anauliza GB ngapi na bei gani, basi. Muuzaji anashusha ile yenye namba kubwa kuliko zote. "Chukua hii dada, GB 256, orijino kabisa, bei ya kutupa." Kadi halisi ya ukubwa huo haiuzwi bei ya kutupa, kwa sababu hata huyo muuzaji hakuipata kwa bei hiyo kama ni halisi.

Inafaa watu waelewe uongo wa kadi feki unavyofanya kazi, maana wengi wanadhani feki ni kadi inayokufa mapema. Ingekuwa hivyo tu, tungeshukuru. Ndani ya kila kadi kuna chipu inayotunza data, na kuna kidhibiti, yaani chipu ndogo inayosimamia kila kinachoingia na kutoka. Kidhibiti ndicho kinachoiambia kamera ukubwa wa kadi. Waghushi huchukua chipu ya GB 8 au 16, nyingine zikiwa zimekataliwa kiwandani, wakakipanga upya kidhibiti kiseme GB 256, kisha wakachapa jalada zuri. Kamera haina njia ya kubisha. Inaamini inachoambiwa na kuendelea kuandika. Nafasi ya kweli ikiisha, picha mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotea moja kwa moja, huku skrini ikionyesha kwamba nafasi bado tele. Ni daftari la kurasa nane lenye jalada linalosema kurasa mia mbili, na karani asiyejua kuhesabu anayerudi ukurasa wa kwanza na kuandika juu ya wino uliokwisha kukauka.

Angalia ubaya wake ulipo. Dukani utapiga picha kumi, utaziona, utaridhika. Wiki nzima utapiga pasipoti na picha za mtoto wa jirani, nayo itafanya kazi vizuri. Itakuangusha siku utakayoijaza, na siku ya kuijaza kadi ni siku ya shughuli kubwa, saa nne usiku, keki inapokatwa. Utakayemwona asubuhi yake si muuzaji. Ni mama wa bibi harusi.

Asidhani mtu kwamba hili ni tatizo la wajinga au la nchi zetu tu. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani, Andrew Huang, anayejulikana zaidi kwa jina la bunnie, aliandika jinsi kadi za microSD zenye jina la kampuni kubwa zilivyoleta hitilafu katika kazi ya kiwandani aliyokuwa akiisimamia China. Alizifungua kwa tindikali ili azione chipu za ndani, akalinganisha namba za utambulisho zilizoandikwa ndani ya kadi na zile za kadi nyingine alizonunua mitaani. Ikiwa mtu anayetengeneza vifaa vya elektroniki kwa maelfu anaweza kuletewa kadi za kutia shaka, mimi ninayenunua mbili dukani nina haki gani ya kuamini maneno ya jalada?

Kwa bahati nzuri hatuhitaji tindikali. Ipo programu ya bure ya kompyuta za Windows iitwayo H2testw, na nyingine iitwayo F3 kwa wenye Linux au Mac. Zote zinafanya kitu kilekile. Zinaijaza kadi hadi ukomo wake kwa data maalumu, kisha zinaisoma yote na kulinganisha kama kilichoingia ndicho kilichotoka. Kadi ya GB 8 iliyovaa jina la 256 haiwezi kufaulu mtihani huo. Kadi mpya haiingii kwenye kamera yangu kabla haijapita hapo, hata kama imetoka kwenye duka ninaloliamini. Kazi inachukua muda, lakini unaiacha kompyuta usiku unalala. Nimekubaliana na ninayenunua kwake kwamba ikifeli nairudisha, na amekubali bila kununa. Muuzaji anayekataa sharti hilo amekwishakujibu.

Hapa niwatulize wanaoshtuka wakiona kadi ya GB 64 inaonyesha 59 na ushei kwenye kompyuta. Huo si wizi. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, wakati Windows inahesabu baiti 1,073,741,824. Hesabu mbili, kadi ileile.

Sasa tuje kwenye namba za usoni, maana hata kadi halisi zinaweza kumpotosha mtu. Ile namba kubwa inayong'aa, 170 au 200 au 300, mara nyingi ni kasi ya kusoma, tena ni ukomo wa juu, katika hali nzuri kabisa. Kusoma ni kule kuhamisha picha kwenda kwenye kompyuta nyumbani. Kamera inapokuwa ukumbini kazi yake ni kuandika, na kasi ya kuandika inayotakiwa ni ile ambayo haishuki chini ya kiwango fulani hata kadi ikichoka. Kiwango hicho kimeandikwa kwa alama ndogo ambayo watu hawaiangalii, V30, V60 au V90. V30 ina maana kadi inaahidi kuandika angalau MB 30 kila sekunde bila kukatika. Alama ya zamani ya U3, herufi U yenye namba 3 ndani yake, inaahidi hivyohivyo.

Je, V30 inatosha? Kwa kazi zetu nyingi, ndiyo. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula MB 12.5 tu kila sekunde, ambayo ni kama GB 45 kwa saa. Iko mbali sana na ukomo wa V30. Mwenye kamera inayorekodi kwa megabiti 400 ndiye anayehitaji V60 kwenda juu, na hao mjini kwetu ni wa kuhesabika. Lakini nawaona vijana wanakopa kununua V90 kwa sababu jirani yao anayo.

Huwa nawaambia waanze na kamera, ndipo waende kwenye kadi. Chukua Canon 5D Mark III, kamera ya mwaka 2012 ambayo bado inazunguka sana mikononi mwa wapiga picha wa harusi kwa sababu ya mtumba. Ina sloti mbili, moja ya CompactFlash na moja ya SD. Ile ya SD haina mfumo wa kasi wa UHS hata kidogo. Ukiiwekea kadi ya UHS-II, zile zenye safu mbili za miguu ya shaba mgongoni, itaandika kwa mwendo wa kobe kama kadi ya kawaida, na fedha yako imekwenda. Kamera za zamani zaidi hazisomi kabisa kadi za zaidi ya GB 2, kwa kuwa SDHC, iliyofungua njia hadi GB 32, ilikuja mwaka 2006, na SDXC, inayozidi hapo, mwaka 2009. Kijitabu cha kamera kinasema yote haya, na kikipotea kinapatikana mtandaoni bure.

Kuhusu ukubwa, mimi ni mtu wa GB 64, na najua wapo wanaonipinga. Picha moja ya RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 ina MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya 64 inabeba picha 2,000 hivi. Nikaha inakaa kwenye yake, ukumbi unakaa kwenye yake. Kadi moja ikiharibika, familia haitabaki mikono mitupu. Wanaopinga wanasema kadi nyingi ndogo zinapotea, zinachanganywa, na kila unapofungua mlango wa kamera unakaribisha vumbi na makosa. Wana hoja, na hoja yao ni nzito kwa mtu anayetupa kadi mfukoni pamoja na sarafu. Jibu langu ni kijikoba kigumu cha kadi kinachofungwa mwilini, hakiwekwi mezani wala hakipewi msaidizi. Kadi tupu inaangalia juu, iliyojaa inaangalia chini. Utaratibu huo hauna gharama yoyote.

Na hoja yote ya ukubwa inapungua makali ukiwa na kamera ya sloti mbili. Mwaka 2018 Nikon walitoa Z6 na Z7, Canon wakatoa EOS R, zote zikiwa na sloti moja. Wapiga picha wa harusi walilalamika karibu kila pembe ya dunia, na waliolalamika hawakuwa wanadeka. Sony a7 III ya mwaka huohuo ilikuwa na mbili. Mwaka 2020 zikaja Z6 II na Z7 II, na Canon R5 na R6, zote zina mbili. Kwa hiyo viwanda vilisikia. Kinachonisikitisha ni kwamba wenye kamera hizo hapa kwetu, wengi wao wameiacha kamera ijaze kadi ya kwanza kisha ihamie ya pili. Huko ni kuwa na sloti mbili na kuishi kama mwenye moja. Ingia kwenye menyu, chagua kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja. Nafasi itaisha haraka, ndiyo. Ongeza kadi.

Kuna upande wa amana hii ambao hauzungumzwi kabisa, na kwangu ndio mzito kuliko mwingine wote. Katika pwani hii mwanamke mpiga picha anaitwa mahali ambapo wenzake wanaume hawaitwi, kwenye singo, kwenye hina, kwenye ukumbi wa wanawake. Mlango ukifungwa, mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wazima na heshima zao wanacheza kwa raha zao. Mama mmoja aliwahi kunishika mkono mlangoni akaniambia, "Mwanangu, nakuachia binti zangu." Hakutaja kamera. Alikuwa anazungumzia kadi, ingawa hakuijua.

Kwa kazi hizo nina kadi za pekee. Zina alama, haziazimwi mtu, haziingii kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na hazitauzwa hata zikiishi miaka kumi. Sababu ni ya kiufundi na kila mtu mwenye simu au kamera anapaswa kuijua. Unapofuta picha kwenye kadi, hujaifuta. Umeondoa jina lake kwenye orodha na kuiambia kadi kwamba nafasi ile iko huru. Picha yenyewe inabaki palepale hadi nyingine iandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka, kule kunakomalizika ndani ya sekunde mbili, kunafanya hivyohivyo. Programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuzirudisha kwa wingi, na haihitaji utaalamu mkubwa.

Jambo hilo lina heri yake. Mtu akifuta kwa bahati mbaya picha za mazishi ya mzazi wake, asipige nyingine yoyote, aitoe kadi, ailete kwa mtu anayeweza kuiokoa. Lakini heri hiyohiyo ndiyo hatari ya yule binti aliyecheza bila mtandio. Kadi iliyofutwa ikaazimwa kwa mtu wa video, ikapita kwa mtu wa DJ, ikauzwa pamoja na kamera ya mtumba, bado imebeba sura yake. Mtu akiniambia "dada tuazime kadi, ya kwetu imejaa," namnyima, na anaweza kununa anavyotaka. Na ukinunua kamera ya mtumba yenye kadi ndani, usichungulie. Ifomati, uijaze yote kwa H2testw ili yaliyomo yaandikwe juu, kisha amua kama unaitaka. Zangu zinazostaafu nazikata kwa mkasi wa bati hadi chipu yenyewe igawanyike.

Wazee wa studio wananiambia zamani hakukuwa na wasiwasi huu. Kwa sehemu ni kweli. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, ilipiga sura za visiwani kwa miongo mingi, na negativu unaweza kuishika kwenye mwanga ukajua imo nini. Kadi haikuonyeshi kitu. Inatunza picha kama chaji ya umeme iliyonaswa kwenye vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na chaji hiyo huvuja taratibu, haraka zaidi penye joto. Kwa hiyo kadi iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari Februari, au kwenye droo kwa miaka kama kumbukumbu ya familia, haiko salama. Kadi ni ya kusafirishia. Usiku uleule wa harusi nahamishia picha kwenye diski mbili, moja inalala kwa dada yangu, na kadi haifomatiwi kabla hazijathibitika zote mbili. Nafomati ndani ya kamera itakayoitumia, si kwenye kompyuta.

Najua wenzangu watanijibu kwamba bei za harusi zimeshuka, kila mtaa una mpiga picha, na mteja anakata hadi senti ya mwisho. Nayaishi hayo. Lakini kadi mbili halisi za GB 64 zenye V30 ni nafuu kuliko keki ya harusi ya kawaida, na zitapiga harusi nyingi sana kabla ya kuchakaa. Anayeweza kununua kamera hawezi kusema kadi imemshinda.

Kwa serikali nina ombi moja. Tume ya Ushindani ina mamlaka, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ya kuwachukulia hatua wauza bidhaa bandia. Kadi feki haihitaji maabara ya kemia. Mkaguzi anahitaji kompyuta ya mkononi, programu ya bure na usiku mmoja. Anunue kumi kwenye maduka tofauti kama mteja wa kawaida, azijaze, azisome, na zile zinazodanganya zimrudishe kwa aliyeziuza.

Na kwa wewe unayeandaa harusi mwaka huu, kabla hujatoa malipo ya awali, muulize mpiga picha wako kamera yake inaandika kadi ngapi kwa wakati mmoja. Muulize kadi zake amezijaribu vipi, picha zitanakiliwa saa ngapi na zitakaa sehemu ngapi, na kadi itafanywa nini baada ya kukukabidhi kazi. Mpiga picha mzuri atafurahi kuulizwa. Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya makubaliano pamoja na bei. Na kama shughuli ina upande wa wanawake, mama wa bibi harusi aulize mwenyewe, tena aombe kuiona kadi yenyewe na alama yake kabla mlango haujafungwa.